Mninga Haujakauka

Duka la mbao lilifurika watu Jumamosi ile, na fundi cherehani alikuwa amevua viatu. Alisimama peku juu ya kibao cha sampuli, akahamia kingine, gauni lake la bluu amelikusanya mkononi lisiburuze vumbi. Waliomtazama hakuwajali. Mama yake alikuwa ameteleza kwenye vigae vya sebuleni akavunjika nyonga, na sasa aliuguzwa kwa kaka mtu, akihesabu siku za kurudi kwake. Vigae vilishang'olewa. Mwisho wa mwezi mama angerudi, na binti alikuwa ameapa kwamba mama yake hatakanyaga tena kitu kinachoteleza.

"Hicho kinang'aa, lakini kitamwangusha mtu," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa mwanamume mrefu, shati la kijivu limekunjwa hadi viwikoni, penseli sikioni. Wauzaji walimwita Kipimo, maana hakuamini kitu kabla ya kukipima. Yeye ndiye aliyewatandikia wateja wa duka sakafu zao. Alimshusha kutoka kwenye ubao wa msaji uliopakwa vanishi, akamsimamisha kwenye mninga: vibao vifupi vya kupangwa mshazari kama ukili wa mkeka, vilivyopakwa mafuta tu. Mguu ulishika. Hata ubaridi haukuwapo.

"Wengine huchagua kwa macho," Kipimo alisema.

"Mama yangu hatembei kwa macho."

Kipimo akacheka. Kicheko kile, jamani, kilimfuata dada wa watu mpaka nyumbani.

Vibao vilipoletwa nyumbani, binti alikoishi na mama yake, Kipimo alikataa kuvitandika siku hiyo. Mbao, alisema, lazima zikae kwanza ndani zizoee hewa ya nyumba, ukizikimbiza zitavimba. Fundi cherehani alielewa upesi, kwani hata yeye hakati kitambaa cha pamba kabla ya kukilowesha, ili kama ni kunywea kinywee mapema.

"Kumbe wewe ni fundi mwenzangu," Kipimo alisema, na tangu hapo hakumwita vingine.

Kila asubuhi alikuja na kidude chake cha kupimia unyevu, chenye meno mawili kama sindano. Alichoma kibao, akatazama namba, akaiandika kwa penseli ubavuni mwa boksi la vibao. Ikifika tisa na kutulia siku tatu, alieleza, kazi inaanza. Halafu alikaa juu ya rundo la mbao na chai yake, mwenzake yuko kwenye cherehani, maneno yakazaa maneno. Alimtania kwamba mafundi cherehani wote ni waongo, kazi yao ni njoo kesho, bado kifungo tu. Naye akamjibu kwamba nyani haoni kundule. Jioni Kipimo alipiga simu kuulizia hali ya mbao. Mbao, eti!

"Hazijambo," fundi cherehani alimjibu. "Zinakusalimu."

Lakini kila asubuhi alipouliza kama zimekauka, jibu lilikuwa lilelile: bado, labda kesho.

Siku ya kumi na tatu, Kipimo akiwa ndiyo kwanza amesema bado, mama alipiga simu. Mwisho wa mwezi ulishapita kwa siku nne. Alizungumza kwa sauti ya chini. "Wifi yako hajasema neno, ila mgeni anajua anapochokwa. Mwanangu, kwangu patakuwa tayari lini?"

Binti alitaka kusema kesho, akainama kwanza kutazama mbao. Macho yake yalikuwa kwenye boksi. Yeye, aliyepima viuno vya mtaa mzima, hakuwa amewahi kuinama kusoma namba zile. Kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na moja, kumi, kumi, kisha tisa, mara nane mfululizo. Mkono uliandika ukweli. Mdomo ndio uliodanganya. Alimuaga mama, akageuka.

"Zimekauka tangu wiki iliyopita."

Kipimo hakukana. "Nikianza, siku tatu nimemaliza. Nikimaliza, sina sababu ya kuja. Kila asubuhi nilipanga kukwambia, nikikuona naahirisha."

"Mama yangu yuko kwa watu, anaona haya hata kuomba maji, ili wewe upate chai," alisema, machozi yakimlenga. "Tandika sakafu. Mengine sitaki."

Akaitandika kwa siku tatu, hakuna chai wala utani, ikatoka sakafu ya rangi ya asali, huoni pengo. Kisha alipiga simu wiki nzima, hazikupokelewa. Mwisho akaacha.

Mama alirudi, akatembea peku na mkongojo wake kutoka mlangoni hadi dirishani. Miezi mitatu ikapita. Kila asubuhi, saa ileile, cherehani ilinyamaza, na aliyeishika akawa anasikiliza geti. Alimtamani mpaka akajichukia. Boksi lilitupwa, ila ubavu wenye namba aliukata kwa mkasi akauficha kwenye droo ya nyuzi. Tisa tatu za mwanzo zilikuwa za kazi. Tano zilizobaki zilikuwa zake yeye, na alizijua kwa moyo.

"Yule fundi alinikosea mimi," mama alimwambia siku moja, bila kuinua macho kwenye maharage aliyokuwa akichambua. "Nami nilimsamehe siku niliyokanyaga sakafu yake. Sasa wewe unamnunia kwa niaba ya nani?"

Binti alisimamisha cherehani. Alichukua simu, akatoka uani.

"Kibao cha dirishani kimevimba," alisema.

Kipimo akauliza, "Kimevimba vipi?"

"Njoo upime."

Alikuja kesho yake, amekonda, shati la kijivu limenyooshwa. Kwanza alimwendea mama, akainama, akasema, "Mama, nilikuchelewesha kwako. Nisamehe." "Pima kwanza, baba," mama alimwambia, "watu wanakusubiri." Akapiga magoti dirishani, akapitisha kiganja, akachoma kibao pembeni kabisa mwa ukuta.

"Tisa," alisema. "Fundi mwenzangu, hiki hakijavimba."

"Bado. Njoo upime kesho." Alikuwa amevaa lile gauni la bluu. "Na keshokutwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nichoke. Na mimi sichoki upesi."

Akafungua droo ya nyuzi, akampa kipande cha boksi. Kipimo alizihesabu tisa zote kwa kidole. Kisha akachomoa penseli sikioni, akaandika tisa nyingine chini ya zile nane, akaketi palepale sakafuni kungoja chai.