Mvua Isiyofika Chini

Jicho-mvua, setilaiti ya kupima mvua, lilipita juu ya Dodoma, likirusha mawimbi ya redio ndani ya mawingu na kuyapokea yaliporudishwa na matone. Kwa mwangwi huo lilikokotoa milimita za mvua za kila kijiji, kisha lenyewe likafungua au kufunga mabomba. Kijiji kilichonyeshewa hakikupewa maji ya bomba. Ndivyo mhandisi Matika Chilewa alivyolifundisha.

Malalamiko ya kijiji cha Chibwe yalimchanganya. Watu walisema hawajaona mvua msimu mzima, na skrini ilionyesha Chibwe inanyeshewa kuliko vijiji vyote. Alikagua mitambo, akaikuta mizima. Akadhani watu wanadanganya, akaona haya kuwaza hivyo, akaamua kwenda mwenyewe.

Mwenyekiti wa kijiji, Mama Lugendo, alimpokea kwenye tangi tupu. Mbuzi walikuwa wakilamba koki. Mara saa ya mkononi ya Matika, iliyounganishwa na Jicho, ikalia: mvua kubwa, hapo hapo aliposimama. Alinyoosha kiganja. Kikavu. Akaigonga saa, akanyoosha kiganja tena, asijue aamini kipi.

"Tazama juu," alisema Mama Lugendo.

Mvua ilikuwepo. Ilining'inia chini ya wingu kama pazia la kijivu, ikaishia katikati ya anga. Matika aliifuata kwa macho hadi ilipokatika, ndipo akaelewa: hewa kavu ya tambarare ile, kwa joto lake, iliyakausha matone kabla hayajagusa udongo. Jicho lilipima wingu. Ardhi halikuwahi kuipima.

Kwa saa ile ile aliamuru maji yafunguliwe. Bomba likakohoa, likatoa hewa, kisha maji. Watu wakakimbilia ndoo. Mama Lugendo hakukimbia. Alieleza taratibu kwamba mjukuu wake aliharisha, zahanati haikuwa na maji ya kukorogea dawa, wakapiga simu mjini kuomba.

"Mashine ikatujibu kwamba tunanyeshewa," alisema. "Mtoto akafa siku ya Pasaka. Siku ile, mwanangu, huko kwenu iliandikwa mvua kiasi gani?"

Matika aliikumbuka siku ile. Ndiyo siku skrini ilipoonyesha mvua ya Chibwe ikivunja rekodi ya msimu, na ofisini walipongezana. Hakujua ataje milimita au aombe radhi kwanza, na mama yule alikuwa bado anamtazama, akingoja.