Kamera ya Pembe Ndefu

Asubuhi Ngaramtoni huanza na ukungu. Mlima Meru hujifunika, ng'ombe hupumua moshi, na mtu akitaka kujua kama jirani ameamka, anasikiliza ndoo. Kwa Koikai ndoo hulia kabla ya jogoo. Jogoo wake aliacha kuwika zamani. Alikata tamaa.

Koikai ni mkulima na mfugaji. Ana mahindi, ana maharage, ana mbuzi na ng'ombe. Zaidi ya yote ana jicho. Siku ya mnada Kisongo, watu humtafuta kabla ya kununua. Humfungua ng'ombe mdomo, akatazama meno. Humpiga kofi mgongoni, akasikiliza. Mimi ni jirani yake, nilimwona kwa macho yangu akimtazama ng'ombe kwa nyuma tu, akataja jina la mama yake huyo ng'ombe. Wengine hawaamini. Shauri yao.

Binti yake anaitwa Soila. Soila anapenda kupiga picha, na alikuwa akipiga kwa simu. Nje kwenye mwanga, picha zilitoka safi. Ndani ya kanisa zilitoka kama uji.

Mwaka huu mchungaji wa usharika wetu alimwita.

"Soila, mpiga picha wetu amehamia Dodoma. Kipaimara kinakaribia. Utaweza?"

"Nitaweza, Mchungaji."

"Si kwa simu."

"Si kwa simu."

"Ukifanya vizuri, kazi za usharika ni zako. Harusi, ubatizo, zote. Lakini mtoto huwekewa mikono mara moja tu. Sitarudia ibada kwa sababu ya picha. Na flashi sitaki."

Soila alirudi nyumbani mbio. Wiki ileile Koikai aliuza dume wake mwekundu. Dume yule akikohoa, kuku wa jirani walikuwa wanaacha kutaga. Fedha ya dume ikawa fedha ya kamera, na hakukuwa na dume mwingine wa kuuza.

"Baba, tumuulize Mama Bariki kwanza," Soila alisema.

Mama Bariki ndiye Hedwiga, jirani yetu wa upande wa pili wa uzio. Kwao ni Machame. Ana studio ya picha Kijenge, asubuhi anakwenda mjini na jioni anarudi.

"Hedwiga ni mfanyabiashara," Koikai alijibu. "Ukimuuliza habari ya kamera atakuuzia ya kwake. Twende dukani wenyewe. Mnadani sijawahi kudanganywa. Nitadanganywa na kitu kisicho hata na mkia?"

Wakaenda mjini, kwenye duka la Romanus. Romanus anauza kamera mpya na zilizotumika. Aliwapangia kadhaa juu ya kaunta. Zilikuwa zile zinazoitwa DSLR, yaani kamera za kidijitali zenye kioo ndani, ambazo lenzi yake unaweza kuitoa ukaweka nyingine.

"Mzee, mnataka kamera ya kazi gani?" Romanus aliuliza.

"Ya kupiga picha," Koikai alisema. "Kwani kuna ya kulima?"

Wateja wakacheka. Koikai akafurahi kuchekewa. Hakutazama kamera ndogo hata moja. Macho yake yalikwenda kwa jitu moja jeusi, lililotumika, ambalo mwenyewe wa kwanza alikuwa akipiga nalo wanyama wa mbugani. Lenzi yake ilikuwa ndefu kama pembe. Koikai aliinyanyua kamera, akaipima uzito kwa mkono, akaipiga kofi kidogo ubavuni.

"Mzee, usiipige," Romanus akasema.

"Nasikiliza."

Akabonyeza kitufe. Kamera ikalia kra-kra-kra-kra. Watu wote dukani wakageuka.

"Umesikia?" Koikai alimwambia binti yake. "Hiyo ndiyo sauti ya dume."

"Baba, ni nzito," Soila alinong'ona.

"Ng'ombe mwepesi ni mgonjwa." Akamgeukia Romanus. "Ina umri gani?"

"Bado kijana, mzee."

Koikai alitafuta mdomo wa kufungua. Hakuuona. Akaamini.

Hata hivyo mzoefu ni mzoefu. Hakulipa yote. "Mimi ng'ombe namnunua nikimwona akila majani," alisema. "Shika nusu. Nitaijaribu nyumbani. Jumamosi nikiridhika namalizia. Nisiporidhika, naleta unanibadilishia." Romanus alikubali, na maneno hayo yakaandikwa kwenye risiti.

Nyumbani, wa kwanza kupigwa picha alikuwa Mama Soila. Alijifunga shuka lake jipya, akasimama mlangoni. Soila akatazama ndani ya kamera. Aliona pua. Akarudi nyuma. Aliona pua na jicho. Akarudi tena, akapita zizi, akakanyaga samadi, akaingia kwenye maharage, akatokea barabarani. Mimi nilikuwa napita, nikamzuia. Angeendelea kidogo angefika Monduli.

"Koikai," mama mtu aliita kutoka mlangoni, "huyu mtoto ananipiga picha au ananiaga?"

Jioni Soila akaenda nayo kanisani, kwaya ikifanya mazoezi. Huko ndiko kulikuwa na mambo. Kanisa letu lina madirisha madogo, na mawingu ya mlimani hayana huruma. Picha nyingine zilitoka nyeusi. Nyingine zilitikisika, maana mkono ulikuwa ukitetemeka kwa uzito.

"Mimi niko wapi hapa?" mwalimu wa kwaya aliuliza.

Soila akamwonyesha. Mwalimu wa kwaya alikuwa ukungu uliovaa tai.

Soila alirudi akaketi juu ya kuni, kamera mapajani. Chai alikataa.

"Baba, nitamwambia mchungaji atafute mtu mwingine. Ni heri nimwambie sasa. Siku ile nikiharibu, wale watoto hawatapata picha tena."

Koikai aligeuka. Alitazama zizi, mahali dume alipokuwa akilala. Kisha akatembea hadi kwenye uzio.

"Mama Bariki!"

Hedwiga alikuja akijifuta unga mikononi. "Shikamoo, Baba Soila."

"Marahaba. Njoo utazame mgonjwa."

Hedwiga aliishika kamera, akaigeuza, akatabasamu.

"Baba Soila, mwaka juzi nilikuomba unichagulie ng'ombe. Uliniuliza nini?"

"Nilikuuliza unataka maziwa ya nyumbani au ya kuuza."

"Na nini tena?"

"Una majani kiasi gani. Na nani atamlisha."

"Ulikuwa umeshamwona ng'ombe?"

"Nitamtazamaje ng'ombe kabla sijajua kazi yake?"

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Mama Soila aliziba mdomo kwa shuka, lakini mabega yalikuwa yakitikisika.

"Dukani uliulizwa kazi yake?" Hedwiga aliendelea.

"Niliulizwa."

"Ukajibu?"

"Nilifanya utani."

"Alitaka watu wageuke," Mama Soila alisema. "Tangu arudi ananihadithia tu jinsi walivyogeuka."

Hedwiga alimhurumia, akaketi. "Kamera hii si mbaya. Ni ya kumpiga picha tembo aliye ng'ambo ya mto, tena mchana. Kanisani kwenu hakuna tembo."

"Yuko mzee wa kanisa mmoja—"

"Baba," Soila alisema.

"Lenzi ndefu kazi yake ni kuvuta cha mbali," Hedwiga alieleza. "Mtu akiwa karibu, inakupa pua. Jambo la pili ni mwanga. Njooni."

Aliingia jikoni kwa Mama Soila, akafunga dirisha la mbao mpaka ukabaki ufa. Jiko likawa giza. Akalifungua lote. Sufuria zikaonekana, hata ile iliyoungua.

"Lenzi nayo ni dirisha. Imeandikwa namba zinazoonyesha tundu lake linafunguka kiasi gani. Namba ikiwa ndogo, kama 1.8, dirisha ni kubwa. Hii ya kwenu ukiivuta inaanzia 5.6. Ni ufa tu huo."

"Namba ndogo, dirisha kubwa?" Koikai aliuliza. "Nani alipanga hivyo?"

"Si Mchaga."

Soila alikuwa ameanza kunywa chai. "Mama Bariki, na zile megapikseli, nukta zinazounda picha? Hii inazo nyingi."

"Za kamera yoyote ya miaka hii zinatosha. Usilipie namba. Shika kamera kwanza. Mkono usichoke, kidole kifike kwenye vitufe bila kutafuta. Halafu usimalize fedha yote kwenye mwili wa kamera. Bakiza ya lenzi ya pili, ya betri ya akiba na ya kadi ya kuhifadhia picha. Mwili utakuja kuubadilisha, lenzi nzuri utabaki nayo."

"Nichukue aina gani?"

"Ile ambayo lenzi zake zinapatikana hapa mjini, na fundi wake yupo. Ukichukua aina ninayotumia mimi, nitakuazima lenzi zangu. Siku hizi zipo pia kamera mpya zisizo na kioo ndani. Nzuri, nyepesi, ila bei yake imepanda mlima. Kwa kuanzia, DSLR iliyotumika inatosha, mradi ikaguliwe."

"Inakaguliwaje?" Koikai alisogea. "Maana haina meno."

"Inayo. Ndani kuna pazia dogo. Kila picha linafunguka na kufunga, na kamera nyingi zinahesabu zenyewe. Piga picha moja, mwambie muuzaji aiweke kwenye kompyuta, utaona pazia limefanya kazi kiasi gani. Kamera iliyofanya kazi mno ni kama ng'ombe aliyekwisha meno."

Koikai alikaa wima. Uso wake ulirudi mahali pake.

"Na lenzi imulike kwa tochi," Hedwiga alisema. "Ukiona nyuzi kama za buibui, ni kuvu. Kwa ukungu wetu huu inaota upesi, kwa hiyo hata mkinunua, itunzeni pakavu. Kisha pigeni picha ya ukuta mweupe. Madoa yakionekana, ulizeni."

Jumamosi baba na binti walirudi dukani na ile kamera yenye pembe.

"Nilikuuliza kazi yake, mzee," Romanus alisema.

"Uliniuliza. Leo nimekuja na jibu. Ni ya kipaimara. Ndani ya kanisa, bila flashi. Na mpigaji ni huyu." Akasogea pembeni, akampisha Soila kwenye kaunta.

Soila alishika moja baada ya nyingine. Koikai alibaki na tochi. Alimulika kila lenzi, jicho moja limefumbwa, kama anayetafuta jino bovu. Moja alikuta nyuzi ndani, akairudisha kwenye kaunta. Kamera nyingine ilipoonyeshwa kwenye kompyuta, alisoma hesabu akasema, "Huyu ni bibi. Mwacheni apumzike." Romanus mwenyewe alicheka.

Walichukua kamera ndogo iliyokaa vizuri mkononi mwa Soila. Ilikuwa na lenzi yake ya kawaida, inayochukua kundi la watu chumbani. Wakaongeza lenzi fupi ya 1.8, betri ya akiba na kadi. Fedha ikabaki ya kununua mbuzi.

Kazi haikuishia dukani. Hedwiga alimwambia Soila aende kanisani saa ileile ya ibada, ajifunze mwanga wa mahali pale. Alimfundisha pia ISO, ambayo ni uwezo wa kamera kuona gizani. Ukiipandisha kidogo inasaidia. Ukiipandisha mno, picha inakuwa na punjepunje kama sembe. Wa kupigwa picha alikuwa Koikai. Alipiga magoti mahali pa watoto, Mama Soila akamwekea mikono kichwani kama mchungaji.

"Baba, usifumbe macho."

"Nabarikiwa. Nisifumbe?"

Aliwekewa mikono mara nyingi hivi kwamba mpaka leo ana baraka za ziada. Ukihitaji, nenda ukamwombe.

Siku ya kipaimara mvua ilinyesha. Kanisani kulikuwa na giza la jikoni. Wasichana walivaa nguo nyeupe, wavulana walibanwa na tai. Soila alisimama karibu na nguzo, lenzi fupi mbele. Mtoto wa kwanza alipiga magoti. Mchungaji akanyoosha mikono. Kamera ikasema "tk", basi. Hakuna aliyegeuka. Mtoto wa pili, "tk". Koikai, benchi la nyuma, alikuwa hapumui. Mke wake alimfinya ili aanze tena.

Ibada ilipokwisha, watu walijibanza barazani kukwepa mvua. Mzee Lesian, ambaye walikuwa wakishindana na Koikai mnadani miaka yote, aliitazama kamera shingoni mwa Soila.

"Koikai, dume mzima yule amezaa kitu hiki? Hata panya angekibeba."

Niligeuka upesi, maana jibu la Koikai sikutaka kulikosa.  Lakini alimwita Soila tu. "Mwonyeshe mjukuu wake."

Soila alitafuta kidogo, akamsogezea kioo cha nyuma ya kamera. Msichana alikuwa amepiga magoti, mikono ya mchungaji juu ya nywele zake. Mwanga wa dirisha ulikuwa umemwangukia shavuni. Chozi moja lilikuwa halijaamua kushuka.

Mzee Lesian alitazama. Akavaa miwani, akatazama tena. 

"Hii," alisema taratibu, "nitaipata lini?"

"Jumatano, babu. Nitakutumia kwenye simu, na moja nitakusafishia kubwa ya ukutani."

"Fanya mbili. Bibi yake atataka ya kwake."

Wazazi wengine wakasogea. Mchungaji alikuja nyuma yao, akachungulia juu ya mabega. "Soila," alisema, "Jumamosi ijayo kuna harusi hapa kanisani, na sherehe iko Usa River. Uje asubuhi na mapema."

Soila alikwenda. Na wewe unayenisikiliza, ukitaka kamera ya kwanza, jiulize kazi yake kabla hujaiona. Jumamosi ile niliwakuta stendi wakingoja gari la Usa River. Soila amevaa viatu vya kupambana na matope, Koikai nyuma yake amekumbatia begi la kamera chini ya shuka, pakavu. Niliomba kumsaidia kulibeba. Alikataa, tena mbele za watu, na mimi niliomba kwa adabu kabisa.