Diski ya Mzee Kweyu na Pini Iliyokosekana

"Ni huyu Mwelu ameivunja! Mama, usitafute mchawi mbali!"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikasimama pale mlangoni.

Fundi Sylvance alikuwa amesimama katikati ya duka, diski ya mteja wangu mkononi, kidole kimenielekea mimi. Sylvance! Mtu aliyenifundisha kushika bisibisi. Mtu ambaye nimekula naye chapo na madondo meza moja kwa miaka minne!

"Nimevunja nini?"

"Pini. Kuja uhesabu mwenyewe."

Mama Truphena, mwenye diski, aliweka mikono kichwani.

"Woi! Msichana wangu, si nilikwambia sauti ya mzee wangu iko humo?"

Mwenye duka, Mama Halimo, hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Mwelu, kama ni kweli, saa kumi nataka hiyo meza ikuwe wazi. Walahi, sitaki duka langu liitwe la waharibifu."

Ndugu msomaji, acha nikurudishe nyuma kidogo, halafu uniambie kama mjinga ni mimi... ama ni sisi sote.

Ilikuwa Jumatatu. Duka letu liko Tassia, tunatengeneza laptop. Mama Truphena aliingia na mumewe, Mzee Kweyu, amemshika mkono.

Mzee alifundisha kwaya Mukuru kwa Njenga miaka na miaka. Mwaka jana kiharusi kikamnyang'anya sauti na mkono wa kulia. Haongei. Haandiki. Amebaki na macho, mkono wa kushoto na bakora.

Binti yao Annah alikuwa anaolewa Jumamosi. Alipokuwa bado anabebwa mgongoni, babake alimtungia wimbo wa harusi yake. Kwaya ya wakati huo ilishatawanyika; ya sasa inakumbuka ubeti wa kwanza na wa pili.

Wa tatu? Wacha tu!

"Mwimbaji wetu Triza anasema uko hivi, mwenzake Lorine anasema uko vile," Mama Truphena aliniambia. "Nusura wapigane mazoezini. Tukimwuliza mzee kama ni wa Triza, anakataa. Wa Lorine, anakataa. Tukimwuliza kama amesahau, anakataa mpaka analia. Ugonjwa umemchanganya, maskini."

Mzee alikuwa ameketi hapo hapo akisikia yote. Akatikisa kichwa kukataa.

"Unaona?" mama akasema.

Wimbo wote ulirekodiwa kwenye laptop ya zamani, aliyoachiwa mzee na mmisionari mmoja. Laptop ilikufa kitambo. Diski walishaitoa, wameifunga kwa kitambaa kama kitoto.

"Annah ana laptop mpya. Weka hii diski ndani yake, tusikie."

Hapo ndipo presha yangu ilipoanza kupanda!

"Mama, haiingii."

"Kwani laptop si laptop?"

"Hii diski ni ya mtindo wa IDE. Angalia, ina pini safu mbili, kama meno ya kitana. Zilizokuja baadaye, SATA, hazina pini hata moja. Na hii ya Annah hata SATA haina. Diski yake ni kikadi chembamba tu kama kidole."

"Sasa si usukume kidogo iingie?"

Jamani! Kila siku naambiwa nisukume kidogo! Mtu hawezi kuvaa kiatu cha mtoto wake, lakini diski ya miaka ishirini anataka iingie laptop ya mwaka huu.

"Mama, tunahitaji adapta. Upande mmoja inashika hizi pini, upande wa pili inaingia kwa USB. Nitaitafuta."

Mzee Kweyu alinisogezea mfuko kwa bakora. Nikachungulia. Ndani mlikuwa na mabaki ya ile laptop ya zamani, vumbi na kutu.

"Hiyo rudisheni nyumbani, mzee. Ni skrepa tu."

Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akauvuta mfuko wake magotini. Kumbukeni huo mfuko.

Walipoondoka nikamgeukia Sylvance. Yeye alianza kazi hii mimi nikiwa shule ya msingi.

"Fundi, hukosi adapta ya IDE kwa hizo vitu zako."

"Hizo zilikufa na watu wao," akacheka. "Mimi sina."

Akaifunga droo yake kwa goti. Sikutilia maanani.

Jumanne na Jumatano nilizunguka maduka ya vifaa huko Luthuli mpaka viatu vikalia. Duka baada ya duka. "IDE? Dada, enda makumbusho!" Wa mwisho alikuwa na kitu kinachofanana nayo. Akakijaribu kwenye diski. Hakikuingia. Akasukuma kwa nguvu...

"Wewe! Acha!" nikamnyang'anya.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka, nimekasirika, na sina kitu. Alhamisi nikapiga simu kila mahali, bure. Diski nikaiweka kwenye bahasha, juu ya meza yangu.

Ijumaa asubuhi nilichelewa kidogo tu. Kufika, Sylvance ameshaitoa kwenye bahasha na wenyewe wako naye.

Na sasa turudi pale nilipoanzia.

"Safu hii pini ishirini na mbili," Sylvance alihesabu kwa ncha ya bisibisi, kila mtu ameinama. "Hii ya pili... ishirini na moja. Hapa karibu na katikati hakuna kitu. Mama, usomi wa siku hizi ndio huo."

Nikahesabu mwenyewe. Ishirini na moja.

Nikarudia. Ishirini na moja!

Nikamkumbuka yule wa Luthuli akisukuma. Mimi sikuwa nimewahi kufanya kazi na diski za IDE, wasomaji wangu. Nilizisoma tu. Ningejuaje?

"Labda... labda ni mimi, mama," nikasema. "Nilimpa mtu ajaribu. Nisamehe."

Mama Truphena alikaa chini sakafuni. Kesho ndiyo harusi.

Ko! Ko! Ko!

Mzee Kweyu alikuwa anagonga sakafu kwa bakora, anatikisa kichwa.

"Tulia, baba Annah. Msichana ameomba msamaha."

Ko! Ko! Ko! Akazidi kutikisa kichwa!

"Amekasirika," Sylvance akasema. "Hata ingekuwa mimi."

Sijui ni nini kilinisukuma. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mzee, unataka nini?"

Akausukuma ule mfuko. Ule mfuko niliouita skrepa! Ameubeba tena, mwili umepooza nusu. Nikautoa ule mzoga wa laptop nikamwekea mapajani. Akanyoosha mkono wa kushoto apewe diski. Akaielekeza mahali pake palepale ilipokaa miaka yote, akanionyesha soketi kwa kidole.

Nikawasha tochi ya simu.

Ilikuwa na safu mbili za matundu madogo. Na karibu na katikati, tundu moja lilikuwa limezibwa kwa plastiki. Limezibwa kiwandani, hata alama ya kukwaruzwa hakuna.

Nikaweka diski mbele ya soketi. Palipokosekana pini, ndipo palipozibwa tundu.

"Mama Halimo! Kuja uone!"

Haikuvunjwa! Ilitengenezwa hivyo! Pini moja huachwa makusudi, na tundu lake huzibwa, ili mtu asiichomeke ikiwa kichwa chini miguu juu. Mzee alikuwa akiifungua mwenyewe kuipangusa vumbi, alijua. Tangu Jumatatu alitaka nione diski inavyokaa. Na mimi nikamwambia arudishe nyumbani!

Lakini kulikuwa na kitu kingine. Mtu aliyetengeneza hizi laptop miaka ishirini... hajawahi kuona hilo tundu?

Nikakumbuka lile goti.

"Fundi Sylvance, fungua droo."

"Ya nini?"

"Fungua tu."

"Usinipande kichwa, Mwelu! Mimi ndiye nilikufunza kazi!"

Mama Halimo hakubishana. Akazunguka meza, akaivuta droo mwenyewe. Chini ya nyaya, ndani ya karatasi ya nailoni, adapta ya IDE. Nikaigeuza. Tundu moja limezibwa.

Nikamwinulia Sylvance ile adapta.

"Kwa nini?" nikamwuliza.

Hakunitazama. "Kila mteja akiingia ni 'Mwelu yuko?' 'Mwelu yuko?' Hata wale wangu. Mimi nimekuwa kiti?"

Niliumia kuliko aliponisingizia. Lakini harusi ilikuwa kesho, na hasira haichezi muziki. Nikachomeka adapta. Iliingia taratibu, bila kusukumwa.

Diski ikaanza kunguruma. Ikakohoa kidogo... ikaendelea.

Faili zikafunguka. Nikabonyeza.

Kwaya ikaimba ubeti wa kwanza, kisha wa pili. Mama Truphena alikuwa ameshika ukingo wa meza. Ukafika wa tatu...

Kwaya ikanyamaza. Ikabaki kinanda tu.

"Si hata huku umepotea!" mama akalia.

Kisha sauti ya mwanamume, nzito, imejaa kicheko:

"Msiniulize ubeti wa tatu uko wapi. Sijautunga. Nimeuachia Annah. Siku ya harusi yake atauimba mwenyewe, kwa maneno yake."

Mama Truphena akamgeukia mumewe polepole. "Kwa hivyo... haukuwepo?"

Mwaka mzima walimwuliza ni upi. Hakuna aliyemwuliza kama upo! Mwaka mzima mzee anakataa, na watu wanasema ni ugonjwa.

Mzee Kweyu hakutikisa kichwa safari hii. Alikiinamisha mara moja, akakubali, machozi yakimdondokea kwenye ule mzoga wa laptop.

Jumamosi nilikuwa kanisani. Kwaya iliimba beti mbili, ikanyamaza, kinanda kikaendelea. Annah akamshika babake mkono ule uliopooza, akaimba. Sauti ilimkatika mara mbili. Sitayaandika maneno yake hapa, ni yao.

Sylvance bado yuko duka letu. Mama Halimo alitaka kumfukuza, na mimi ndiye niliyemwombea, kwa sababu kazi inayonilisha ni yeye aliyenipa. Tunasalimiana. Chapo bado hatujala pamoja.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii, nakuomba kitu kimoja. Ukiona pengo kwa kitu au kwa mtu, usikimbilie kusema kimevunjika. Huenda mwenyewe aliliacha. Mwulize kwanza, na kama hawezi kusema, fungua mfuko aliokuletea.

Mimi siku hizi nafungua kila mfuko.