Nyanya Zisizolala

Jua lilipogusa ukingo wa roshani, mkono mwembamba wa chuma ulitoka ukutani na kujikunjua taratibu. Ulichomeka kidole kwenye udongo wa ndoo ya kwanza, ukapima unyevu, ukamimina maji robo lita bila kumwaga tone. Kisha ukainua kidole kingine chenye ncha ngumu, ukagonga kikonyo cha ua: ko, ko, ko. Chavua ikadondoka. Mkono ukahamia ndoo ya pili.

Mashine hiyo iliitwa kilezi, na katika Mnara wa Nne wa mji mpya wa Tabora kila roshani ilikuwa na chake. Kazi yake ilikuwa moja tu, kulea nyanya. Si zile ndefu za kufungiwa miti. Hizi zilikuwa fupi, zenye shina nene na majani ya kijani kizito, wala hazikuzidi urefu wa rula ya shule, ndiyo maana watu waliziita kirula. Ndoo ya lita kumi ilizitosha. Tangu mashamba ya bondeni yaliposhindwa na joto, mji ulijifunza kula kutoka roshani, na asiyekuwa na ndoo aliomba kwa jirani.

Aliyebuni kilezi ni Mhandisi Nyamizi Malole wa ghorofa ya tisa. Aliyekifundisha kazi ni Bibi Kalunde, mjane wa miaka sabini na tisa, ambaye roshani yake ilitazamana na ya Nyamizi, kwa kuwa mnara ule ulijengwa kwa duara kuuzunguka uwanja. Kwa asubuhi arobaini Bibi alivaa glavu za kumbukumbu, zenye nyuzi za kunasa kila mwendo wa kidole. Alimwagilia, akasaga maganda ya mayai na kuyachanganya na udongo, akagonga maua kwa ukucha. Mashine ikatazama na kujifunza.

Tatizo la Bibi lilikuwa mdomo. Hakuwa anamaliza ndoo mbili kabla ya kuinua shingo na kuwasalimia majirani kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, Shija! Mbona ndoo zako zimelala? Unaumwa?"

"Mwangaluka, Bibi! Kiuno tu, sikuamka jana!" Mzee Shija, fundi reli mstaafu, alijibu kutoka upande wa pili.

"Kiuno tu? Nakuja na uji."

Nyanya fupi katika ndoo ndogo haina akiba. Ikikosa maji siku moja, adhuhuri majani yameshalala. Wakazi wa mnara walikuwa na desturi yao: ukiona nyanya za mtu zimelala, hukai kuuliza, unakwenda kumgongea mlango. Nyamizi aliijua desturi hiyo toka alipohamia. Ila alikuwa mhandisi, na macho ya mhandisi yakaona kasoro ya mmea inayotaka tiba. Jioni, alipokuwa akisafisha kumbukumbu za glavu, alikata vipande vyote ambavyo Bibi alisimama kuzungumza. Aliviita kelele.

Siku ya arobaini Bibi alivua glavu, akazikunja vizuri kama kanga ya kutokea.

"Sasa mjukuu wangu, asubuhi mimi nitafanya nini?"

"Utapumzika, Bibi."

"Kupumzika kupo, nitapumzika kaburini," alisema Bibi, akacheka. Nyamizi naye akacheka.

Vilezi vikaenea. Mavuno yakaongezeka mara tatu, na kweli hakuna mmea uliolala tena katika mnara mzima. Watu wakawa hawana haja ya kwenda roshani alfajiri. Salamu zikapungua, kisha zikakoma, na hakuna aliyesema zimekoma kwa sababu hakuna aliyeona siku yenyewe.

Miezi minane baadaye, Alhamisi, nyanya mbivu ilidondoka uwanjani karibu na miguu ya Mzee Shija. Ikafuata ya pili. Akatazama juu. Kapu la mavuno la Bibi Kalunde lilikuwa limejaa hadi kufurika, na kilezi kilikuwa kinaendelea kuchuma na kupanga juu yake kwa adabu zote.

"Kalunde hana mkono wa kuacha nyanya ipotee," alisema Mzee Shija. Hakungoja lifti.

Alimkuta sakafuni jikoni, hatua tatu kutoka mlango wa roshani, nyonga imevunjika. Alikuwa ameshakufa. Daktari alisema alianguka Jumatatu asubuhi, na kwamba aliishi pale chini siku mbili.

Jumanne ile Nyamizi alisimama roshani kwake na kikombe cha chai, akaitazama roshani ya Bibi ilivyojaa wekundu na ukijani, akafurahi moyoni. Alijisifu hata. Hilo ndilo lililomtafuna tangu mazishi, akawa hali wala halii.

Baada ya matanga alifungua kumbukumbu za kilezi cha Bibi. Kilikuwa na sikio la wadudu, kifaa cha kusikia kiwavi anapotafuna jani, na sauti nyingine zote kiliziweka kando bila kuzijali, kama alivyokielekeza mwenyewe. Mistari kumi na tisa ilisema maneno yale yale: Sauti ya binadamu. Haihusu mmea.

Nyamizi aliketi, akazisikiliza zote kumi na tisa.

Za kwanza zilikuwa za kuomba msaada. "Jamani! Jamani, nimeanguka!" Kisha akamwita Shija. Kisha akamwita Nyamizi, mara nne. Usiku palikuwa kimya. Halafu ikaja sauti ya Jumanne alfajiri, kilezi kilipokuwa kikigonga maua nje ya mlango: ko, ko, ko. Na Bibi, kwa sauti nyembamba iliyojaa furaha, akaitikia:

"Karibu! Karibu ndani, mlango uko wazi."

Kilezi kikagonga ua la ndoo ya pili.

"Karibu," alisema Bibi. "Karibuni jamani."

Na Jumatano hivyo hivyo, lakini mara moja tu.

Mkurugenzi wa lishe ya mji alimpokea Nyamizi kwa pole nyingi. "Ongeza kengele, Mhandisi. Kikisikia mtu analia, kiite kituo cha huduma. Minara arobaini inasubiri."

"Nitaiongeza," alisema Nyamizi. "Ila na mkono nitaupunguzia kazi. Kumwagilia na kugonga maua abaki nako mtu."

"Watu watasahau. Mimea italala."

"Ndiyo. Ilale."

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mfiwa, akakubali kengele tu. Ilikuwa kengele nzuri, na iliokoa watu, tusiseme uongo. Nyamizi alirudi nyumbani, akachukua bisibisi, akakifungua kilezi cha roshani yake skrubu moja moja. Toka siku hiyo alimwagilia kwa kopo. Majirani walimwona, wengine wakasema huzuni imemchanganya.

Mwezi Oktoba, jua la Tabora likiwa kali kama tanuri, homa ilimwangusha. Alilala tangu alfajiri bila kufika roshani, mdomo mkavu, simu iko sebuleni, na hakulia wala hakuita. Hata kengele ya mkurugenzi ingekuwapo, isingekuwa na la kusikia. Nje, ndoo zake nane zililala zote, majani yakining'inia.

Saa nane mchana alisikia hodi: ko, ko, ko.

"Mhandisi!" Ilikuwa sauti ya Mzee Shija, akihema kwa ngazi. "Nyanya zako zimelala, mwanangu. Nimekuja na uji."

Nyamizi alifumbua macho. Machozi aliyokuwa ameyakalia tangu mazishi yakamwagika yote, hata shingo ikalowa.

"Karibu," alisema. "Karibu ndani, mzee wangu. Mlango uko wazi."