Alama ya Kufunga Ukurasa

Kompyuta ilisema "nakubali", na neno hilo halikuwa limeandikwa popote.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, na nje muuza matunda alikuwa akigombana na mteja wake kama ilivyo desturi yake. Wanaodhani mambo ya namna hii hungoja giza wanajidanganya. Mpanga kurasa alisimamisha vidole juu ya kibodi, akasikiliza. Kisha akaichezesha tena ile sehemu, na kompyuta ikasema tena, taratibu, kama mtu anayejibu swali: "Nakubali."

Mama huyu alikuwa akifanya kazi kwa masikio. Jicho lake la kulia lilikuwa limezima kabisa mwaka juzi, na la kushoto lilibakiza ukungu mzito ambao herufi haikupenya mpaka ikuzwe ifikie ukubwa wa kiganja. Kwa hiyo aliweka programu inayosoma maandishi kwa sauti, yenye sauti kavu ya kiume isiyojua furaha wala msiba. Daktari wa macho alikuwa amempima mara tatu, akamwambia macho yake ni mazima, hayana ugonjwa wowote.

"Basi nipe hayo mazima, nikaone nayo," alimwambia. Daktari alicheka. Yeye hakucheka, maana alikuwa na binti mmoja tu, anayejiandaa na mtihani wa kumaliza shule, na kwa miezi kadhaa sasa alikuwa haioni sura ya binti huyo hata akiisogeza mpaka pua zigusane.

Ofisi ilikuwa ya watu wawili, yeye na kaka yake mkubwa, wa tumbo moja. Mtaa mzima walimwita kaka huyo Fundi Herufi, na sifa ilimstahili. Kabla kompyuta hazijajua kuandika lugha ya nyumbani kwao, yenye nukta chini ya herufi na vikofia juu yake, yeye alikaa mwaka mzima akichora fonti yake mwenyewe, herufi moja baada ya nyingine. Ndani ya kompyuta kila herufi ina namba yake. Fundi Herufi alijipangia namba zake kienyeji, hapa akitoa alama isiyotumika, pale akipachika herufi yake. Vitabu vikachapwa, watu wakasoma. Shida ilikuwa moja tu: ukifungua faili lao kwenye kompyuta isiyo na fonti ile, hukuti maneno, unakuta alama za kuuliza, visanduku na takataka.

Siku hizi kompyuta zote zimekubaliana namba, na mchapishaji wa kamusi ya lugha hiyo alitaka mafaili yote yahamishiwe kwenye mpangilio huo mpya. Kazi ikamwangukia dada. Aliyafungua mafaili katika programu ya kuandikia maandishi matupu, isiyo na mapambo, akaandika jedwali la namba ya zamani na namba mpya, kisha akawa anabadilisha na kusikiliza. Kisomaji kilisoma safi, neno kwa neno, mpaka mwisho wa ukurasa wa kwanza. Hapo kilinyamaza, ikasikika pumzi ikivutwa, ndipo likaja lile neno. Tena halikuja kwa ile sauti kavu ya kiume. Ilikuwa sauti ya mwanamke, na mwanamke huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Kulikuwa na kitu mwisho wa ukurasa, alikijua. Tangu siku ya kwanza ya kazi, miaka kumi na miwili iliyopita, kaka alimfundisha kufunga kila ukurasa kwa kubonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Havikuacha chochote kwenye karatasi, nafasi tupu tu. "Usipofunga, kurasa zitamwagikiana," kaka alimwambia, na yeye hakuuliza zaidi. Angeulizaje? Mama yao alipofariki, kaka huyo ndiye aliyemwogesha, akamsuka nywele vibaya hadi shule nzima ikamcheka, akamshika mkono akimfundisha kuandika. Alichosema kaka ndicho kilichokuwa.

Aliifuta ile nafasi. Aliposikiliza tena, ilikuwa imerudi. Akafuta ukurasa wote, akauandika upya kwa mkono wake, akaacha kufunga makusudi. Kisomaji kikafika mwisho, kikavuta pumzi. "Nakubali."

"Nimekubali nini?" aliuliza kwa sauti ya chini, akajiona mjinga kuzungumza na mashine.

Ndipo harufu ikaja, harufu ya utambi uliopulizwa sasa hivi, wakati ofisi ile haikuwa na taa ya utambi wala mshumaa, na nyuma yake kiti cha wageni, ambacho hakikuwa na mgeni, kililia kama kinavyolia mtu mzito anapojiweka sawa baada ya kukaa kwa muda mrefu, na yeye hakugeuka, kwa sababu kwa jicho lake lile hata angegeuka asingeona ila ukungu, na aliogopa kwamba safari hii, katika ukungu ule ambao kwa miaka haukumwonyesha kitu, angeona. Alikaa hivyo akihesabu pumzi zake. Zilikuwa zikijibiwa. Alipojipa moyo akainuka, alitoka kwa kupapasa ukuta, akaenda kusimama juani mpaka mchana.

Siku ya pili alirudi na dhamira. Kaka alikuwa amekwenda tena kwa mchapishaji. Dada alifungua ile programu ambamo fonti ilichorwa, akaomba aonyeshwe namba ya ile alama ya kufunga. Dirisha lilikuwa jeupe, tupu. Angeishia hapo kama angekuwa na macho mazima, maana mwenye macho huridhika haraka. Lakini yeye alizoea kukuza kila kitu, basi akakuza, akakuza tena, na katikati ya weupe pakatokea kidoa. Akakuza kidoa. Kikawa mistari. Akaweka pua kwenye kioo, akatumia mabaki ya jicho lake la kushoto, akasoma kidogo kidogo maandishi ya mkono anaoujua kuliko wake.

*Mimi, binti wa mwisho wa mama yangu, kwa mkono wangu mwenyewe natoa mwanga wa macho yangu kwa mwenye nafasi hii, ili kaka yangu abaki na wake. Nakubali.*

Aliisoma mara nne. Alikumbuka kwamba kaka yake, wakati ule anachora fonti, alikuwa anapofuka, akitembea kwa kushikwa mkono, halafu ghafla akapona, na wao wakamshukuru Mungu kwa machozi. Akafikiria kurasa za miaka kumi na miwili, vitabu vya shule, vya dua, vya hadithi, na kila ukurasa yeye anabonyeza, anabonyeza, akidhani anapanga kazi. Moyo ulimuuma kwa namna ambayo hakuijua. Jini ni jini, hakuna anayetegemea wema kwake. Lakini mwandiko ule! Kaka alikuwa amekaa akauandika kwa utulivu, hata mkia wa kila herufi aliuviringisha vizuri.

Fundi Herufi alirudi saa sita na robo, akiimba. Aliikuta skrini imejaa mwandiko wake, akakatisha wimbo.

"Funga mlango, kaka," dada alisema.

Aliufunga. Hakuuliza ni nini. Hilo lilimuumiza dada kuliko yote, kwamba hakujisumbua hata kudanganya.

"Alikuja mchana kama huu," kaka alianza, kwa kunong'ona. "Akakaa pale kwenye kiti. Mimi nilimwona vizuri, mdogo wangu, na kila kitu kingine kilikuwa ukungu. Akaniambia, katika herufi zako una nafasi tupu nyingi, nipe moja nikae. Nikadhani ni hilo tu."

"Halafu?"

"Halafu akataka mwanga. Wa damu ya mama yetu. Akasema yeye haibi, hachukui kitu mpaka apewe na mkono wa mwenye nacho."

"Ukampa mkono wangu."

"Nilidhani atachukua kidogo. Sema taratibu, anasikia."

"Asikie! Miaka kumi na miwili ananisikia, leo ndiyo nimwonee haya? Nilikuwa nakuandalia chai, kaka. Ulikuwa unaninunulia miwani! Unaniuliza, hii inafaa, au tujaribu nyingine?"

Kaka alianza kulia. Alipiga magoti, akaikumbatia miguu yake kama mtoto, akamwita kwa jina la utani ambalo mama yao tu alilitumia. Na yeye, ambaye alikuwa ameapa atamfukuza, alijikuta mkono wake umeshaanza kwenda kwenye kichwa chake. Akaurudisha.

"Futa," alisema.

"Haifutiki. Hata ukifuta, inarudi. Nafasi aliyoishi haikai bila mtu."

"Basi toa maneno yangu, uandike yako. Macho ya kuzima yalikuwa yako tangu mwanzo. Rudisha deni lako."

Kiti cha wageni kililia. Harufu ya utambi ilitanda chumba kizima, na ingawa nje palikuwa na honi na makelele ya watu wanaokwenda kula, ndani sauti hizo zilikuja kwa mbali, zimefifia, kana kwamba ofisi ile ilikuwa imeteremshwa polepole ndani ya kisima wakiwa wamekaa humohumo, kaka, dada, na yule wa tatu aliyekuwa akipumua kwa kufuatisha pumzi za dada, akivuta anapovuta na kushusha anaposhusha.

"Naandika," kaka alisema hatimaye. "Haki ya kaburi la mama, naandika langu."

Alikaa, akashika kalamu ya kuchorea. Dada alisimama nyuma yake asione ila mwanga mweupe wa skrini na kivuli cha bega. Kalamu ilikwaruza kwa muda mrefu.

"Nisomee."

"Mimi," kaka alisoma, "mtoto wa kwanza wa mama yangu, kwa mkono wangu mwenyewe natoa mwanga wa macho yangu kwa mwenye nafasi hii, ili dada yangu abaki na wake. Nakubali."

Dada alifuta machozi. Hasira ilikuwepo bado, lakini ilichanganyika na huruma. Alimwekea mkono begani.

"Sasa bonyeza wewe," kaka alisema.

"Kwa nini mimi?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unafunga. Ni lazima umfungulie kwa mkono uleule, la sivyo hatatoka kwako. Hii mara moja tu."

Akabonyeza vitufe vitatu, kama alivyobonyeza mara elfu na elfu.

Harufu ilikatika papo hapo. Kisha mwanga ukamwingia kwa nguvu hata akapiga ukelele. Aliona vumbi kwenye kibodi. Aliona kucha zake, mshono wa mkono wa gauni lake, kalenda ya mwaka uliopita ukutani ambayo hakuna aliyeibandua. Aliona nywele za kaka zimekuwa nyeupe, na yeye mwenyewe hakuwa na habari. Kaka alikuwa amejifunika uso kwa viganja viwili.

"Kaka?"

"Giza tupu," alisema kutoka ndani ya viganja. "Nenda nyumbani. Niache nizoee peke yangu."

Alimkumbatia. Ndiyo, alimkumbatia, akambusu utosini, akamwambia amemsamehe na kwamba kesho atakuja kumshika mkono, kama yeye alivyoshikwa zamani. Halafu akatoka mbio, mama mtu mzima, kandambili mkononi, hatua mia mbili mpaka nyumbani. Njiani alisoma kila kibao cha duka kwa sauti, na watu walimpisha wakidhani amechanganyikiwa. Alitaka kitu kimoja tu, sura ya mwanawe.

Binti alikuwa mezani, dirisha limefunguliwa wazi, kitabu cha mtihani mbele yake. Alikuwa amekua. Alikuwa na kidevu cha bibi yake. Mama alisimama mlangoni, akaishiba sura ile, kabla hajaona kwamba kiganja cha binti kilikuwa kikipapasa ukurasa, kinatafuta ukingo wake.

"Mama, ni wewe? Umeme umekatika saa ngapi? Mbona pako giza hivi?"

Jua lilikuwa limelala mezani, juu ya kitabu, juu ya mikono yake, ndani ya macho yake yaliyo wazi.

Aliloandika kaka silo alilomsomea. Mtoto wake hajafikisha miaka kumi na minane. Mwenye naye ni mama yake, na mkono wa mama yake ndio uliobonyeza. Kupitia dirishani aliutazama mtaa. Kule mwisho, Fundi Herufi alikuwa ametoka ofisini. Alichagua ufunguo katika fungu kubwa, akauingiza kwenye kufuli mara moja tu bila kubahatisha. Alisubiri pikipiki ipite. Akavuka, akaruka mtaro, akaenda zake bila kugeuka nyuma, na yeye akamwona vizuri sana, mpaka vifungo vya shati.

"Mama? Mbona umenyamaza?"

Alikwenda akapiga magoti, akaishika ile mikono iliyokuwa ikipapasa kitabu.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Umekatika sasa hivi."