Bakuli la Saa Sita

Jumanne, wiki ya tatu tangu shule ikabidhiwe kwa kampuni binafsi, Kikokotoo alisinzia juu ya karatasi ya hesabu. Yeye, aliyepachikwa jina hilo kwa kupiga hesabu kichwani, akaambulia alama tisa kati ya hamsini.

"Kikokotoo kimeisha betri!" jirani yake wa dawati akamtania. Darasa likaangua kicheko.

Mwalimu mkuu hakucheka. Alisoma majina kumi na mawili ya watakaofutwa kwenye orodha ya mtihani wa mwisho, la Kikokotoo likiwemo. "Kampuni haitaki wa kuishusha shule," alisema, macho hayabanduki kwenye karatasi.

Jioni Kikokotoo alimkuta baba yake, fundi viatu, akishona soli mlangoni.

"Mama, umekula shuleni?" baba alimuuliza bintiye.

"Nimekula, baba. Hata nikaongezwa."

Ndivyo alivyojibu kila siku. Kumbe uji wa saa sita sasa ulikuwa wa wanaolipia tu, na barua ya kusema hivyo alikuwa ameificha chini ya godoro. Tangu mama yake afariki, baba alikuwa akihangaika peke yake. Amwongezee mzigo wa nini? Naye fundi, akiamini mtoto kashiba mchana, usiku alipika kiduchu.

Siku hiyo uongo ulimshinda. Akaangua kilio, akaitoa barua, akasema yote.

Fundi aliisoma taratibu, akifuatisha kwa kidole. "Shule tuliijenga kwa mikono yetu. Wameichukua, na bakuli wamechukua! Kesho twende."

Asubuhi fundi alimpikia mpaka mtoto akashiba na kubakiza. Kisha wakaingia ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Mkuu, mpe karatasi nyingine ya hesabu. Hapa hapa. Leo amekula."

"Mzee, utaratibu wa kampuni..."

"Mlikuwa mnapima hesabu au njaa?"

Mwalimu mkuu alijikuna kisogo, akampa karatasi. Kikokotoo akapata arobaini na saba. Jina lake likarudishwa.

Nje, baba alichuchumaa mbele yake. "Sikiliza, mama. Njaa si aibu yako, ni aibu yao. Ukisema umeshiba, wao unawasitiri, mimi unanifumba macho. Usinifiche tena."

"Sitarudia, baba."

Fundi akainuka, akausukuma tena mlango wa ofisi bila kubisha hodi.

"Mkuu, wale kumi na mmoja waliobaki: hawajui hesabu, au hawajala?"