Viatu vya Kinyume

Kila asubuhi, kabla sijanywa uji wangu wa mahindi, Bibi Tomasa alinipangia viatu vya shule mlangoni. Cha kulia alikiweka kushoto, na cha kushoto akakiweka kulia. Kisha alikaa barazani kwenye kiti chake cha kubembea akisubiri nivivae hivyo hivyo, kinyume.

"Nusu saa tu, Nereida," alisema. "Mjomba wako Abundio alivaa hivi mwaka mzima, na leo anatembea kama jenerali."

"Mjomba Abundio anatembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, Bibi."

"Vaa viatu, mdomo upumzike."

Basi nilivaa. Hapa mjini kwetu Tlacotalpan kila nyumba ina bibi, na kila bibi ana dawa hii ya nyayo bapa. Zangu ni bapa kweli. Nikitoka kuoga, sakafu ya saruji hubaki na alama ya unyayo mzima, kuanzia kisigino hadi vidoleni, bila ule upinde ambao watu wengine wanao upande wa ndani. Rosendo, kijana wa nyumba ya pili, alikuwa ameziona alama hizo siku moja, na tangu hapo jina langu likawa Bata.

"Bata, leo umeogelea wapi?" aliniuliza kila tulipokutana njiani.

"Kwenye mtungi wenu wa maji ya kunywa."

Nilicheka naye, lakini mwaka ule maneno yake yalianza kunichoma. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na Mwalimu Casimiro alikuwa amenichagua kuwa mmoja wa wasichana wanne watakaofungua fandango ya watoto, sherehe yetu ya kucheza kwa magitaa, siku ya sikukuu ya Kandelaria, tarehe mbili Februari. Wasichana wanne tu, mji mzima! Usiku wa siku niliyochaguliwa sikulala. Niliruka kitandani mpaka Bibi akagonga ukuta kwa kandambili.

Mchezo wetu huchezwa juu ya jukwaa dogo la mbao, lenye uwazi chini yake. Magitaa hulia, nasi tunajibu kwa miguu: kisigino, ncha, unyayo mzima. Jukwaa ndilo ngoma yetu. Anayetaka kupanda humgusa bega anayecheza, na aliyeguswa hushuka bila kununa. Hata bingwa akiguswa hushuka. Hiyo ndiyo adabu ya fandango.

Wiki ya mwisho ya Desemba mguu wangu wa kushoto ulianza kuuma, upande wa ndani, kutoka chini ya kifundo hadi katikati ya unyayo. Nilipoamka ulikuwa mzima. Baada ya mazoezi ulikuwa unawaka moto.

"Nereida, mguu wa kushoto unachelewa," Mwalimu Casimiro aliniambia jioni moja. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye masikio yanayoweza kusikia kosa kutoka ng'ambo ya mto. "Unaumwa?"

"Hapana, Mwalimu. Nina usingizi tu."

"Ukiumwa useme. Brígida yupo, anaweza kushika nafasi."

Brígida alikuwa msichana wa akiba. Alikuwa amekaa kwenye ngazi na sketi yake nyeupe, mikono magotini, ananitazama kwa upole. Upole wake ndio ulionitia hofu zaidi. Niliapa moyoni kwamba hata mguu ukikatika, sitasema.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo nililiona la akili kuliko yote niliyowahi kupata. Kama kuvaa viatu kinyume kwa nusu saa kunasaidia kidogo, si kuvaa siku nzima kutaponya kabisa? Nikaanza. Shuleni nilivaa kinyume, sokoni kinyume, kanisani kinyume. Sketi ndefu ilinisitiri. Miguu ikabanwa, vidole vikavimba, na yale maumivu yakapanda hadi kwenye kigimbi cha mguu. Nikajikaza kisabuni. Nilijiambia kwamba dawa chungu ndiyo inayoponya.

Jumamosi ile, zikiwa zimebaki wiki tatu, nilivaa kinyume hata viatu vyangu vya kuchezea.

Viatu hivyo ni vyeupe, vina kisigino kifupi na bizimu ya chuma upande wa nje. Ukivivaa kinyume, bizimu zote mbili zinakuja upande wa ndani, zinatazamana. Hilo sikuliwaza. Rosendo na wenzake walikuwa wameshaanza kupiga magitaa, wimbo ukachanganya, damu ikanichemka. Kisigino, ncha, unyayo! Kisigino, ncha, unyayo! Nikasahau maumivu, nikaanza kutabasamu. Halafu nikaleta miguu pamoja kwa kishindo cha mwisho, na bizimu zikanasana.

Nilianguka kama gunia la machungwa. Jukwaa likatoa mlio mkubwa kuliko wote niliowahi kuutoa, na magitaa yakanyamaza.

Mwalimu Casimiro alikuja, akapiga goti. Alitazama miguu yangu kwa muda mrefu.

"Hivi, binti yangu," alisema, "nani kakuvalisha leo?"

Watu wakaangua kicheko. Rosendo alicheka mpaka akaegemea gitaa lake. Nilitamani mbao zifunguke zinimeze. Lakini Mwalimu aliponivua kiatu cha kushoto nikapiga kelele, na kicheko kikakatika papo hapo.

"Tangu lini?" aliniuliza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na jukwaa. "Wiki mbili, Mwalimu," nikasema, na machozi yakanitoka. "Usimpe Brígida nafasi yangu. Tafadhali."

Jumatatu Bibi alinipeleka kituo cha afya. Njiani alinung'unika kwamba nusu saa aliyoisema yeye haikuwahi kumwangusha mtu. Niliona pia kwamba alikuwa akichechemea, lakini Bibi alichechemea siku zote, nami nilidhani ndivyo mabibi wanavyotembea.

Daktari Ifigenia alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuchangamsha chumba. Alituambia tuvue viatu.

"Sote?" Bibi akauliza. "Mgonjwa ni huyu."

"Sote, mama. Nyayo hurithiwa."

Alileta beseni la maji na karatasi za kaki. Nilikanyaga maji, nikakanyaga karatasi: unyayo mzima, kama chapati. Bibi akatingisha kichwa kwa huzuni. Kisha Daktari akanishika mikono yote miwili.

"Sasa simama kwa ncha za vidole. Taratibu. Bibi, inama uangalie."

Nikajiinua. Bibi akainama, na ghafla akapiga ukelele.

"Mama Maria! Upinde! Ana upinde!"

"Wapi? Wapi?" Nilitaka kujitazama, nikapepesuka, nusura nimwangukie Daktari. Alicheka, akasogeza kioo kidogo sakafuni. Nikajiinua tena, na nikauona kwa macho yangu: upande wa ndani wa unyayo wangu ulikuwa umepanda, umejikunja vizuri. Ninao! Miaka kumi na miwili nilikuwa natembea juu yake bila kujua. Nilipanda na kushuka, nikapanda na kushuka, mpaka Daktari akaniambia nipumzike kabla sijatoboa dari.

"Hii ni miguu bapa laini," alisema. "Watoto wengi wanayo. Ukisimama upinde unalala, ukijiinua unaamka. Kama mguu hauumi, hauhitaji dawa yoyote. Mtu anaweza kukimbia nao na kucheza nao mpaka uzeeni."

"Lakini wangu unauma," nikasema. Lilikuwa jambo rahisi kulisema, kumbe, mara tu lilipotoka.

"Unauma kwa sababu umeufanyisha kazi mno, na misuli ya kigimbi imekaza. Halafu ukaubana kwenye kiatu kisicho chake." Akamgeukia Bibi kwa heshima. "Mama, viatu vya kinyume havitengenezi upinde. Vinabana vidole na kuangusha watoto."

Bibi alikohoa. "Basi tumwendee fundi amtengenezee buti zile nzito, zenye chuma? Enzi zetu..."

"Enzi zenu watoto walitokwa jasho la miguu bure. Na chuma hakikutengeneza upinde."

Daktari akanipa masharti. Siku kumi bila kupiga mguu jukwaani. Kila siku nisukume ukuta, mguu mmoja nyuma na kisigino chini, mpaka kigimbi kinyooke. Nishike kiti nijiinue kwa vidole. Niokote gololi kwa vidole vya miguu nizitie kikombeni. Nivae viatu vinavyoshika kisigino, na ndani yake niweke soli laini za kuegemeza unyayo. "Soli hazitabadilisha mguu wako," alisema. "Zinapunguza maumivu tu. Na maumivu yakikataa kuondoka, au mguu ukakakamaa, unarudi hapa nikupeleke kwa daktari wa mifupa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mambo ya vidole hayo hata mimi nayaweza," Bibi alidakia, na kabla hatujamzuia akashika meza, akainua mguu wa kulia ili ajiinue kwa wa kushoto. Kisigino hakikuondoka chini. Alijaribu tena, uso ukamkunjamana. Hakikuondoka.

Daktari alichuchumaa, akagusa kifundo cha Bibi kwa ndani, pale palipokuwa pamevimba.

"Mguu huu haukuwa bapa zamani, sivyo?"

"Ah, huo ni uzee."

"Uzee ungeangusha yote miwili. Huu ni mshipa unaoshikilia upinde, umechoka na hakuna aliyeupumzisha. Kwa mtu mzima, mguu mmoja ukianza kulala na kuvimba, haungojwi. Umeuma tangu lini?"

Bibi alitazama dirishani. "Miaka mitatu," alisema polepole. "Niliwaambia watu nimeacha fandango kwa sababu nimechoka na kelele."

Nilimtazama Bibi yangu, ambaye alicheza vizuri hata akaguswa bega mara chache kuliko mwanamke yeyote wa mtaa wetu, nikaelewa nilikojifunzia kujikaza kisabuni. Siku ile tulitoka pale na barua ya hospitali kwa ajili yake, na bandeji ngumu ya kushika kifundo. Tulirudi nyumbani polepole, tumeshikana mikono, tukichechemea sote wawili bila kujificha.

Nilipomweleza maneno ya Daktari, Mwalimu Casimiro alinisikiliza mpaka mwisho. "Nafasi yako naishika," alisema. "Lakini tuahidiane. Siku ya Kandelaria ukiumwa, unashuka. Hata wimbo ukiwa katikati."

"Naahidi, Mwalimu."

Siku kumi hizo! Nilisikia mazoezi kutoka barazani, na kila kishindo kilinivuta. Rosendo alikuja na mfuko wa gololi zake, akajisifu kwamba atanishinda. Tukavua viatu. Nilitia kumi na mbili kikombeni yeye akiwa bado anaikimbiza ya tatu chini ya kiti cha Bibi.

"Sio haki," alilalamika. "Bata ana vidole!"

"Na wewe una miguu ya gitaa," Bibi akamjibu. "Mizuri kwa kutazama tu." Naye alikuwa amekaa, mguu juu ya kigoda, akikunja taulo kwa vidole kama alivyoelekezwa hospitali.

Siku ya kumi na moja nilirudi jukwaani kwa dakika tano. Iliyofuata kumi. Mguu ulinyamaza.

Kandelaria ikafika. Mji ulijaa mpaka barazani. Mwalimu Casimiro, ambaye mwezi uliopita alikuta mwanasesere aliyefichwa kwenye mkate wa sikukuu ya Wafalme, na kwetu anayemkuta huwalisha wenzake siku ya Kandelaria, alikuwa amelipa deni lake kwa ndoo mbili za tamali, yale mabumunda ya mahindi yanayofungwa kwenye majani, na kila mtu alikuwa na vidole vya mafuta. Tulipanda wanne. Nilitazama viatu vyangu: bizimu nje, zinang'aa. Magitaa yakaanza.

Nawaambia, nilicheza! Kisigino, ncha, unyayo, na unyayo wangu mzima ulipotua, mbao zilijibu kwa sauti nene iliyotikisa vikombe. Niliona Mwalimu amefumba macho na kutabasamu. Niliona Rosendo akipiga kama mwenda wazimu. Wimbo ulipokwisha watu walipiga kelele, wakataka mwingine, nasi tukaanza wa pili.

Katikati ya wimbo wa pili, upande wa ndani wa mguu wa kushoto, nikasikia jambo. Halikuwa moto. Lilikuwa kama mtu ananiita kwa kunong'ona. Hakuna aliyejua ila mimi. Watu walikuwa wanaita jina langu, jina langu halisi, na hakuna aliyekuwa amenigusa bega.

Nikacheza mpaka ukingoni, nikamnyooshea mkono Brígida, aliyesimama karibu. Alinikodolea macho, kisha akaushika akaruka juu, na mchezo haukukatika hata kidogo. Nikashuka kwa miguu yangu mwenyewe. Moyo uliniuma kuliko mguu, lakini kwa dakika moja tu.

Bibi alikuwa kwenye kiti mbele kabisa, na mguu wenye bandeji ulikuwa unagonga sakafu.

"Bibi! Daktari amekukataza kucheza!"

"Nani anacheza? Mimi nimekaa." Hata hivyo akautuliza, akanivuta kando yake. "Umeshuka bila kuguswa. Miaka sitini naja hapa, sijaona."

"Mguu ulinigusa."

Bibi alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akashusha sauti. "Nisikilize, mjukuu wangu. Maumivu ni mjumbe, na mjumbe hauawi. Mimi nilimfungia mlango miaka mitatu, nikamwongopea kila mtu, na leo ninacheza nimekaa. Wewe umemfungulia mapema. Mwakani utapanda tena, na mwaka wa kufuata."

"Na wewe?"

"Mimi Daktari ameniambia tutaona. Sijawahi kupenda neno hilo kama sasa."

Asubuhi iliyofuata niliamka mguu ukiwa mzima. Uji ulikuwa unachemka. Bibi alikuwa barazani kwenye kiti chake, na mlangoni viatu vyangu vya shule vilikuwa vimepangwa, cha kulia kulia, cha kushoto kushoto. Pembeni yake kulikuwa na vingine, vikubwa, vipya, vyenye soli za hospitali ndani, navyo vimepangwa hivyo hivyo.